Nyota Iliyokufa Dakika Nne Getanuwas

Wakuu, mwaka jana nilinasa mlio wa nyota inayokufa. Tena mara tatu, pale pale kijijini Getanuwas.

Cheka tu.

Naitwa Evarist, mtoto wa Dongobesh, msomi wa kwanza kwenye ukoo, na nilihakikisha ukoo wote unajua. Kazi yangu ya shahada ya pili: setilaiti ikiona nyota imekufa na kutema mionzi ya gama, antena zangu zinatafuta mawimbi ya redio yanayofuatana nayo. Wakubwa wametafuta weee, patupu.

Getanuwas kumetulia. Adui ni bodaboda tu, injini zake zinavuruga antena. Nikamweka mzee Gidabuday, mfugaji wa hapo, kwenye nguzo kando ya antena. Taa nyekundu ya pale ikiwaka, ujue setilaiti imeona nyota imekufa, azuie kila pikipiki hadi izimike.

Akili kubwa hiyo.

Taa ikawaka, mlio ukaja, dakika nne. Mara ya pili, vilevile. Msimamizi wangu, Dokta Rogathe, akasema Ijumaa niwasilishe mbele ya jopo, shahada ni yangu. Mama akatangaza kanisani.

Alhamisi, mara ya tatu, mlio ukiwa kwenye kompyuta, nikatoka kujisaidia.

Gerald wa bodaboda kazuiwa kwenye nguzo, injini inanguruma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ng'ombe wazima?"

"Wazima."

"Mguu wa mama?"

"Unaendelea vizuri."

Wakapitia mvua, mahindi, ndama, shangazi mmoja mmoja. Salamu zilipoisha ndipo Gerald akazima pikipiki asubiri taa izimike.

Nikakimbilia kompyuta. Nyota yangu nayo imezimika, sekunde ileile.

Nilitaka kulia, wallahi. Nikamrudia mzee.

"Mzee, ulijua mlio wangu ni wa pikipiki?"

"Nilijua. Redio yangu ya betri hukwaruza kila pikipiki ikisimama hapa."

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama taratibu. "Mwanangu, miezi sita unanipita bila salamu. Mazungumzo ningeyaanzia wapi?"

Nilifikiria kunyamaza. Msinihukumu, shahada ilikuwa mlangoni.

Ijumaa nikasema yote mbele ya jopo. Mmoja akajifanya anakohoa kuficha kicheko. Dokta Rogathe akainama, kisha akanipa mwaka mwingine wa kusikiliza.

Sasa ninyi wasomi wenzangu mnaojua habari za angani, salimieni wazee. Mimi nilikwepa salamu ya dakika nne, ikanilia mwaka mzima.