Bango la Mafuvu la Mzee Luhende

Kule Segese wapo watu wazima, wenye wajukuu, ambao hadi leo hawalijui jina langu, wananiita Bwana Mafuvu, na mimi naitika tu, maana nikikataa itabidi nieleze kwa nini wananiita hivyo na hapo aibu inaanza upya. Leo nawaelezeni kwa hiari yangu. Chekeni mnavyotaka, ila msinikatize, nikisimama katikati sitaendelea.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa nachapa kazi za watu katika duka la Mzee Nanji pale Kahama, duka ambalo mbele liliuza daftari, kalamu na betri za redio na kutoa kopi, na nyuma ya pazia ndiko nilikokaa mimi na kompyuta mbili. Ile nzuri ilikuwa na Windows, na ndiyo iliyofungwa printa. Ile kuukuu Mzee Nanji alishaikatia tamaa, ikawa inashikilia pazia lisipepee, mpaka siku Dotto alipokuja. Dotto tulisoma naye, na wakati huo alikuwa fundi wa kompyuta katika kambi ya watafiti wa dhahabu upande wa Bugarama. Akaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ikaamka, nami nikawa mtu mwingine kabisa.

Dotto ndiye aliyeniingiza katika mambo ya programu huria, yaani zile programu ambazo walioziandika wanakupa bure, na matumbo yake wanakuonyesha, ukiweza kurekebisha rekebisha, wao wanachoomba ni kuambiwa tu zinapokosea. Kulikuwa na moja ya kuandikia na kupanga kurasa, bado changa, na waandishi wake (watu waliotawanyika duniani, wengine hawajawahi kuonana) walikuwa wanatafuta wa kuijaribu kwenye mashine za mifumo mbalimbali. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuisema: unaandika ukurasa kwenye Linux, unauhamishia kwenye Windows kwa diski, unautazama vizuri toka juu hadi chini, halafu unaeleza kama umebaki vilevile au umegeuka. Mimi niliandika taarifa, Dotto akaituma kwa barua pepe ya kule kambini, na siku moja akanirudishia jibu, mtu wa Ulaya ananishukuru kwa jina langu. Jamani, nilivimba. Nilianza hata kutembea kwa mikono nyuma.

Sasa huku nyuma nilikuwa na jambo langu. Nilikuwa namtaka Kabula, binti wa Mzee Luhende wa Segese, na Kabula mwenyewe alikuwa ananitaka, ila kwa Mzee Luhende huingii hivihivi. Yule mzee alikuwa ningi, ndiye mtunzi na kiongozi wa ngoma ya Wagika, na kwa ningi hakuna mkwe wa kawaida, kila mtu ni sifa au ni fedheha. Wazee wangu walikuwa tayari kwenda kwake kuposa, lakini Kabula akanionya, "Usiwalete bado. Baba anakwambia atakupima kwanza."

Kipimo kikaja baada ya mavuno. Mzee Luhende aliegesha baiskeli nje ya duka, nikampa shikamoo huku nimeinama hadi pazia likanifunika kichwa, akaitikia, akaketi.

"Jumamosi ya mnada tunacheza na Wagalu," akasema. "Wao wameandika matangazo kwa chokaa kwenye kuta. Mimi nataka karatasi. Watu waone kuwa Luhende ana mtu mjini."

(Kwa wasiojua: ngoma zetu hazina refa. Makundi mawili, kama Wagika na wapinzani wao Wagalu, yanacheza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, huyu huku, yule kule, na watazamaji ndio wanaoamua kwa miguu yao, kundi litakalovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Ndiyo maana kila kundi lina dawa yake ya kuvuta watu, na kila kundi linaiogopa dawa ya mwenzake. Mzee aliposema "mtu mjini" alikuwa ananipandisha ngazi ambayo hata kaka zake Kabula hawakuwahi kuikanyaga.)

Basi hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Ningeweza kulichapa bango lile kwa programu ya kila siku nikamaliza kabla chai haijapoa. Lakini nikajiambia, hapana, hili ndilo jaribio, kwani programu utaipimaje kama si kwa kazi yenyewe? Nikakaa kwenye ile mashine ya Linux, kichwa cha bango nikakiandika kwa herufi nene za kawaida, NGOMA SEGESE JUMAMOSI, na maneno ya chini yote, pamoja na jina la mzee na majigambo yake, nikayaandika kwa herufi kubwa za mtindo wa madoido nilioukuta humo, umejikunjakunja utadhani umesukwa. Lilipendeza hadi nikamwita Mzee Nanji aje kulitazama. Akasema, "Zuri, Shija," akarudi kwenye betri zake.

Nikalitia kwenye diski, nikalifungua upande wa Windows. Vioo vya siku zile mnavijua, vidogo, ukurasa mzima hauonekani, unaona kichwa tu na mwili unautafuta kwa kushuka. Kichwa kikatokea, kinene, hakijapinda. Wakati huohuo gari la kambini likapiga honi nje, ndilo lililokuwa linampelekea Dotto vitu, na taarifa yangu nilitaka ifike siku hiyohiyo ili yule mtu wa Ulaya ajue Kahama hatulali. Kushuka chini ya ukurasa kungenichukua muda wa kupiga chafya. Sikushuka. Nikaandika kwenye taarifa, "Hakuna tofauti, inafanya kazi vizuri," nikaiamuru printa ianze, nikamwambia Mzee Nanji, "Ikitoka naomba uitoe kopi, uwape vijana wa Mzee Luhende wakija," nikadandia gari kwenda Bugarama.

Kumbe ile mashine ya Windows haikuwa na ule mtindo wa madoido. Na programu yetu changa, badala ya kuuliza, ilichukua mtindo mwingine wowote uliokuwa karibu, na uliokuwa karibu ulikuwa ule ambao hauna herufi hata moja, una vipicha. Kila herufi iliyokuwa chini ya kichwa ikageuka kipicha. M zote zikawa mabomu. N zote zikawa mafuvu ya watu. Jina la Luhende, nililikariri baadaye kama sala, likawa uso ulionuna, msalaba, kidole kinachoelekeza chini, kidole kinachoelekeza pembeni, fuvu, kidole gumba kilichogeuzwa chini, na kidole kingine.

Mtauliza, Mzee Nanji hakuona? Aliona. Nilimuuliza baadaye, akaniambia kwa upole wake, "Niliona mafuvu, Shija. Nikafikiri ni mambo ya ngoma. Mimi nimezaliwa Kahama hapa, nimejifunza, mila ya mtu siulizi." Akatoa kopi zote kwa uangalifu, akazifunga kwa uzi, hata zilizotoka hafifu akazirudia.

Na vijana wa Luhende walipozipokea je? Wakafurahi! Walidhani mtu wa mjini ametia dawa ndani ya karatasi, dawa ya kompyuta, ambayo Wagalu hawajawahi kukutana nayo. Mzee Luhende mwenyewe, nilivyoambiwa na Kabula, alilitazama bango muda mrefu, akatazama yale mafuvu, akasema, "Gashi! Kumbe kijana ana kitu," na akaamuru mabango yabandikwe kila ukuta wenye mlango. Hakuna aliyekuja kuniuliza, kwa sababu dawa ya ngoma haiulizwi, ukiiuliza inapoa.

Jumamosi nikashuka Segese na shati jipya, nikitarajia kupigiwa vigelegele. Watu walikuwa wamejaa kuliko mnada wowote niliowahi kuuona, wachimbaji wametoka hadi Bugarama, na wote walikuwa wanakwenda kusimama mbele ya kuta na kunong'ona. Nikasogea nami kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Nikaona mabomu. Nikaona mafuvu. Nikashika ukuta, na kiganja kikatua juu ya jina la mkwe wangu.

Mtu mwenye akili angerudi Kahama. Mimi nikaanza kubandua. Nikabandua la kwanza, la pili, nakunja natia mfukoni, na kadiri nilivyobandua ndivyo watu walivyozidi kunifuata, hadi mzee mmoja akapiga kelele, "Anaichukua dawa! Wagika wameshaitumia, sasa wanaificha!" Basi nikashikwa mikono (sikupigwa, niseme ukweli, walinishika kama wanavyomshika bwana harusi) nikafikishwa katikati ya uwanja, Wagika na majembe yao ya kuchezea huku, Wagalu kule, ngoma zimenyamaza zote mbili.

Ningi wa Wagalu, mtu mwembamba mwenye sauti, akasema hawatacheza mpaka mafuvu yaelezwe. "Hapa kuna siku ya ngoma na kuna fuvu. Nani anakufa? Mimi?"

Nikamtazama Mzee Luhende. Alikuwa amesimama wima, ametulia, na jicho lake liliniambia neno moja tu, nyamaza. Ningenyamaza, angeshinda. Wagalu walikuwa tayari wana hofu, watu wote walikuwa wanamwangalia yeye. Lakini niliona akina mama wa upande wa pili wanavuta watoto wao nyuma ya migongo, na mmoja analia kabisa, na moyo ukanishinda. Nikasema, "Si dawa. Ni kosa. Nilikuwa najaribu programu."

"Unajaribu nini?"

Sasa jaribu wewe kueleza mifumo miwili ya kompyuta katikati ya uwanja wa ngoma. Nilisema kuna mashine mbili, hii ina nguo za herufi, ile haina, herufi zikafika kule uchi, zikavaa nguo za watu wengine. Ningi wa Wagalu akachukua bango moja, akalinyoosha mbele yangu. "Basi soma."

Nikasoma. Nilikuwa nalijua kwa moyo, maana nililiandika mwenyewe, nikapita na kidole, juu ya bomu, juu ya fuvu, juu ya uso ulionuna, huku natamka kwa sauti, "Mzee Luhende, simba wa Segese, njooni mumwone." Nilipofika kwenye kidole gumba kilichogeuzwa chini mtu mmoja alicheka. Halafu wawili. Halafu uwanja mzima ukaanguka, wachimbaji wanashikana mabega, yule mama aliyekuwa analia anajifuta machozi ya aina nyingine.

Na mnajua ningi ni nani, ningi hapotezi nafasi. Yule mwembamba akawapa ishara wapiga ngoma wake, akaanzisha wimbo palepale, kwa Kisukuma, kwamba mkwe wa Luhende amesoma hadi amemaliza herufi zote, sasa anaandika kwa mafuvu, mwiteni awasomee kuku wetu. Ulikuwa mtamu, lazima nikiri. Watu wakaitikia, wakasogea, wakaendelea kusogea, hadi upande wa Wagika wakabaki wacheza ngoma, mimi, na mbuzi mmoja. Mzee Luhende alicheza hadi mwisho mbele ya uwanja mtupu, hakupunguza hatua hata moja. Niliumia kumtazama, na hadi leo nikikumbuka naumia.

Alipomaliza alinipita akiwa amebeba jembe lake begani. Nilisema, "Baba, nisamehe." Akaendelea kutembea. Kabula akaniambia kwa macho niondoke.

Niliandika taarifa nyingine kwa wale watu wa programu, safari hii ya kweli, kwamba mtindo ukikosekana maneno hugeuka vipicha. Wakajibu kwa adabu, wakashukuru, wakasema wangerekebisha, wakauliza madhara kwa mtumiaji yalikuwa madogo, ya kati au makubwa. Nikaandika makubwa. Wakaomba maelezo. Nikaandika, "Mtumiaji ameshindwa ngoma," nikaiacha hivyo, na Dotto anasema kule Ulaya walijadiliana jambo hilo wiki nzima.

Masika yalikuja yakapita, na Segese sikukanyaga. Kabula alinitumia salamu kupitia wauza mchele, kwamba baba yake hasemi ndiyo wala hapana, kwamba hata jina langu halitaji. Nikaanza kuzoea, kama mtu anavyozoea jino linalouma. Na nilijiwekea nadhiri ambayo sijaivunja: sisemi kitu kinafanya kazi mpaka nimeshuka hadi mstari wa mwisho, na karatasi nimeishika mkononi.

Halafu mavuno yakaja tena, na asubuhi moja pazia likafunuliwa. Mzee Luhende. Nikatoa shikamoo, akaitikia "marahaba" kavu, akasema anataka bango. Hakukaa kwenye kiti cha wateja. Alivuta stuli akaketi mbele ya printa, magoti yakiigusa, na hapo akabaki muda wote niliokuwa nachapa. Printa ikaanza kunguruma. Karatasi ikatoka polepole, naye akaipokea kabla haijamaliza kutoka, akaisogeza mwangani, akaanza kuisoma kwa sauti, neno kwa neno, na Mzee Nanji akasimama mlangoni akasikiliza. Alipofika kwenye jina lake alisimama, akalipitisha kidole herufi moja moja, kisha akaendelea hadi mwisho kabisa, hadi chini kulikoandikwa siku na mahali.

Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti, akainuka.

"Sasa," akasema, "walete wazee wako."