Bwana Shamba na Kaburi la Mama Yake

Jumanne asubuhi nilikuwa nasubiri chai kwenye mgahawa jirani na geti la bandari nilipopigiwa simu kwamba yule Bwana Shamba wa Likombe amefariki. Aliyenipigia ni binti yake, na hakuzunguka: "Baba ametutoka alfajiri. Maziko leo baada ya adhuhuri. Alisema wewe uambiwe mapema." Wasomaji wangu wa siku nyingi huenda wanamkumbuka, maana niliwahi kumtaja humu kwenye safu hii kama mtu anayezungumza na mikorosho kuliko anavyozungumza na mkewe. Aliposoma alicheka, kisha akaninunia wiki mbili. Leo sina utani. Naandika nikiwa na uchungu ambao kwa umri wangu nilidhani nimeshauzoea.

Tulifahamiana kwa sababu ya kazi. Mimi nilikuwa natayarisha kipindi cha wakulima redioni, yeye alikuwa afisa ugani, na wimbo wake ulikuwa mmoja tu: kateni mikorosho mikongwe, ng'oeni visiki, pandeni miche mipya iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa na kikonyo cha mkorosho bora. Wazee wa vijijini walimwona kichaa. Mkorosho aliopanda babu yako, unaupelekea shoka? Yeye hakuchoka. Ili asije akaambiwa anahubiri asichokitenda, alianza na shamba la kwao mwenyewe, njia ya kuelekea Mto Ruvuma. Aliikata mikorosho yote msimu mmoja, akang'oa visiki, akapima kwa kamba na kupanda kwa mistari iliyonyooka. Miaka michache baadaye shamba lile likawa la mfano, watu wanaletwa kwa gari kulitazama. Nililisifu mimi mwenyewe redioni, kwa majigambo kana kwamba nami nilishika jembe. Ushauri wake ulikuwa sahihi, na hilo sitaki mtu alipotoshe baada ya kusoma yanayofuata.

Kisha tukapelekwa Misri, yeye na mimi, kwenye mafunzo mafupi ya kilimo pamoja na maofisa wa nchi nyingine. Ijumaa moja wenyeji wetu walitupeleka kwenye mapiramidi. Niseme ukweli, sikuyapenda. Jua kali, wenye ngamia wanakuvuta mkono, wauza vinyago hawakuachi upumue, na mbele yako lundo la mawe lililowatoa watu jasho ili mtu mmoja alale pazuri. Nikamwambia mwenzangu kwamba waliobeba mawe yale hakuna anayewajua kwa majina. Alikuwa ameweka kiganja kwenye jiwe la chini kabisa, na nikadhani anataka nimpige picha, nikampiga. Picha ile ninayo hadi leo, na katika picha ile yeye haangalii kamera.

Wiki iliyofuata tulikwenda kusini, Luksori, kwenye mahekalu yenye nguzo ambazo watu sita hawazizungushii mikono, kisha ng'ambo ya Mto Nile kwenye makaburi yaliyochimbwa mlimani. Katika moja lililo dogo, mwongozaji wetu alituambia aliyezikwa humo hakuwa mfalme, alikuwa karani wa mashamba. Bwana Shamba akachangamka kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Kumbe mwenzangu!" akasema. Ukutani palikuwa na kazi yote ya karani huyo: watu wanapima shamba kwa kamba, wanavuna, wanapepeta, wasichana wawili wanavutana nywele katikati ya mavuno. Mwenzangu alikuwa ananionyesha kila kitu kwa kidole, hata akakosoa jinsi walivyoshika kamba. Kisha mwongozaji akatuonyesha sura ya karani mwenyewe. Macho yalikuwa yamechokolewa. Alisema inadhaniwa ni kazi ya adui yake, aliyeingia humo zamani zile ili kumharibia akhera yake.

Bwana Shamba akatoka nje bila kuaga mtu. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe, juani, analia, na watalii wanapita pembeni wakijifanya hawamwoni. Nilimuuliza kama anaumwa. "Yule hata adui alijua pa kumkuta," akaniambia. "Mama yangu, mie mwanawe, sijui aliko."

Hapo ndipo nilipoambiwa. Kwao, kama kwa familia nyingi za huku, marehemu huzikwa shambani, na juu ya kaburi hakijengwi kitu. Unachukuliwa na wakubwa, unaonyeshwa mkorosho, unaambiwa mama yako yuko hapa, upande wa mashariki wa shina. Basi, umejua. Unapalilia, unaokota korosho, unapita na kusema salamu. "Siku ya kukata nilikuwa na kamba mkononi," akasema. "Nilikuwa naangalia mstari unyooke. Mkorosho niliuona mkongwe, umeshaliwa na ugonjwa wa ubwiri unga, hauzai. Mama sikumwona kabisa." Alikuja kushtuka mwezi wa Shaabani, alipokwenda kumzuru kabla ya Ramadhani kama alivyofanya kila mwaka. Alisimama katikati ya miche yote iliyolingana, akainua mikono kuomba dua, na hakujua ageukie mche upi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mkewe.

Tuliporudi tulikwenda naye kule mara tatu. Shangazi yake, aliyekuwa karibu mtu wa mwisho aliye hai kati ya waliokuwepo siku mama alipozikwa, alituongoza kwa fimbo. Mara ya kwanza alisimama karibu na njia. Mara ya pili akasimama mbali na pale, hatua kama arobaini. Mara ya tatu hakutaka hata kuinuka kwenye mkeka. "Mwanangu, unanisumbua bure," akamwambia. "Mti ndo ulikuwa unajua. Mie nilikuwa naufuata mti." Nilimwona mwanamume mzima, aliyefundisha vijiji vizima, akiinama kama mtoto aliyechapwa. Alinipendekezea tuchimbe. Nikamkatalia, shehe wa kijijini naye akamkatalia, na tangu siku hiyo alikuwa akilikwepa lile shamba la mfano. Wageni walipoletwa, alimtuma mtu mwingine awaeleze.

Jumanne tulimzika kwenye makaburi ya mjini. Alikuwa ameomba azikwe karibu na mama yake, na familia ilikaa kikao kizima ikajadili hapo "karibu" ni wapi, ikashindwa. Mtani wake mmoja, mama mwenye sauti kali, alisimama pembeni walipokuwa wanawake wakati kaburi linafukiwa akapiga kelele, kama mila inavyomruhusu mtani msibani, "Leo Bwana Shamba anapandwa yeye! Semeni kama mmepima mstari!" Watu wakacheka inavyopasa kucheka. Binti yake alicheka na machozi yanamtoka. Mimi sikuweza.

Tangu siku hiyo nafikiri jinsi tunavyoishi. Wamisri wale wa kale walikuwa na kiburi na waliwatesa wengine, lakini waliogopa kusahauliwa na wakafanya kazi kwa ajili ya hofu hiyo. Sisi tumeweka kumbukumbu zetu kwenye miti na kwenye vichwa vya shangazi zetu, na miti tunaikata kwa sababu nzuri kabisa, na shangazi wanakufa. Viwanja vinapimwa, mashamba yanauzwa, barabara inapanuliwa, na kila mara aliyeshika kamba ni mtu mwema anayefanya kazi yake. Simwoni wa kumlaumu, na hilo ndilo linalonikatisha tamaa zaidi. Kama kuna funzo ni dogo, na kwa wengi wetu limechelewa: nenda na aliye hai mpaka mahali penyewe, akuonyeshe, uandike.

Jana nilijaribu kulifuata funzo hilo mwenyewe. Nilimpigia dada yangu, aliyebaki kwetu bara, nikamuuliza kaburi la baba liko wapi hasa, maana msalaba wa mbao tuliouweka mchwa waliumaliza zamani na sijafika huko tangu mama naye aondoke.

"Kaka," akasema, "miaka yote hii mimi nilijua unajua wewe."