Mtihani wa Dagaa Wakati wa Mbalamwezi

Siku hizi masomo aliyosoma dada yangu yanaitwa mekatroniki, na vijana wanalitamka neno hilo bila kujikwaa. Wakati ule yalikuwa na jina refu ambalo baba alishindwa kulimaliza kwa pumzi moja. Ilikuwa digrii ya kuunganisha: upande mmoja uhandisi wa mitambo na elektroniki, upande wa pili sayansi yenyewe. Wenzake chuoni walikuwa na idara moja. Yeye alikuwa na mbili, na kote alionekana mgeni. Wahandisi walimwambia ana fizikia nyingi kuliko spana, wanasayansi walimwambia daftari zake zinanuka grisi. Na sheria ilikuwa kwamba akifaulu upande mmoja akaanguka mwingine, ameanguka kote.

Mama alielewa jambo hilo kwa namna yake. "Umeolewa nyumba mbili, mwanangu," alimwambia. "Huku ukichelewa kupika wanakusema, na kule wanakusema."

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sijatulia popote. Nilifanya vibarua vya mgodini upande wa Butiama, nikauza mitumba Musoma mitumba ilipoanza kuruhusiwa, nikaacha. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, akawa anaamka saa ile ile ya zamu, anavaa, anakaa kibarazani kwetu, mtaa wa Kamunyonge hapo Musoma, mpaka jua likamfuata. Chuo nacho kilikuwa kimeanza habari za wazazi kuchangia. Aliyeanguka mwaka wa mwisho hakulipiwa tena kurudia. Anarudi kwao. Kwa hiyo sote tulijua kwamba ule mradi wa dada, mashine aliyotakiwa kuitengeneza na kuionyesha kwa walimu wawili, mmoja kutoka kila idara, ndio ulikuwa mwisho au mwanzo.

Alichagua kutengeneza sanduku la kukausha dagaa. Alilijengea Bunda, kwa shangazi yetu wa mtaa wa Kabasa, kwa sababu mtaa ule ulikuwa na mafundi wa kuchomelea na umeme wake ulikatika kwa mpango, si ovyo. Lilikuwa sanduku la mbao lenye paa la bati lililopakwa rangi nyeusi. Ndani zilikaa trei sita za wavu kwenye mhimili mmoja, zikigeuzwa taratibu na mota ya waipa, ya kufutia kioo cha gari, niliyoifungua mimi mwenyewe kwenye lori bovu huko Butiama. Feni ndogo ilisukuma hewa ya moto. Kitu kilichonishangaza ni kile kilichoamuru yote hayo: unywele. Unywele wa mtu hurefuka kidogo sana ukipata unyevu na kufupika ukikauka. Dada aliuosha unywele mmoja wa mama, akaufunga kwenye kijiti kilichogusa swichi. Hewa ya ndani ikikauka, unywele unavuta, swichi inakata, mashine inazima yenyewe.

"Kwa hiyo mimi ndiye nitazima," mama alisema alipoelezwa.

"Wewe, Mama."

"Basi wasinikasirishe siku hiyo."

Tulilitoa sanduku Bunda kwa pikapu ya mnunuzi wa pamba, mmoja wa wale wanunuzi binafsi walioingia kwenye pamba miaka ile. Dada alikaa nyuma amelishika sanduku kama anashika mgonjwa. Walimu wangefika kesho yake kwa basi la kutoka Mwanza. Tulipolishusha uani Kamunyonge, mama alilizunguka, akagonga bati, akauliza, "Na dagaa?"

"Tutanunua wabichi mwaloni asubuhi, mitumbwi ikifika," dada alisema.

Mama alimtazama, akanitazama na mimi. "Mwezi huu?"

Nilimwona dada anainua macho juu, mchana kweupe, kana kwamba mwezi ungekuwa pale kumjibu. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa haina kazi mwezi ukiwa mkubwa, samaki hawaifuati. Siku za mbalamwezi mitumbwi inapanda mchangani na wavuvi wanakwenda kwao kulima na kulala. Jambo hilo anayezaliwa kando ya ziwa hafundishwi. Lakini dada alikuwa na miaka minne mjini na wiki nyingi Bunda, ambako dagaa wakavu hawakosekani sokoni hata siku moja, na tarehe ya mtihani aliipanga kwa kalenda ya chuo. Mwezi ulikuwa umepevuka juzi.

"Sikuangalia," alisema. Aliketi kwenye ndoo. Baba kule kibarazani aliacha kutikisa mguu.

Tuliazima baiskeli mbili tukaenda kijijini Kiriba, kwa mjomba, ndugu wa mama, aliyekuwa na mtumbwi wake na nyavu za dagaa. Tulifika jua limeshainama. Nyavu zilikuwa zimetandazwa juu ya mawe na wanaume wanne, mjomba mmoja wao, walikuwa wakiziba matobo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmekuja na baiskeli, basi kuna msiba."

"Hakuna msiba. Tunatafuta dagaa wabichi."

Mjomba aliuma uzi, akautema. "Wabichi. Kwani Musoma mna mbingu nyingine? Mwezi hamuuonagi?"

"Tulikuwa Bunda."

"Nilikuwaga Bunda miaka mitatu mimi. Upo. Niliuona."

Wale wengine walicheka. Mmoja akaongeza, "Huyu si ndiye msomi wa sayansi? Labda wanasomaga jua tu."

Dada hakucheka wala hakukasirika. Alichuchumaa mbele ya mjomba akamweleza yote: walimu wawili, nyumba mbili, kwamba kesho ndiyo siku. Kisha akasema, "Jana mwezi ulichelewa kutoka baada ya jua kuzama. Leo utachelewa zaidi. Hapo katikati kuna giza."

"Giza hilo nilikuwa nalijua kabla mama yako hajakuzaa," mjomba alisema. "Sikosi giza. Nakosa ruhusa."

Ndipo alipotukumbusha desturi ya mwalo wao. Mwenyekiti akishasema nyavu zipande nchi kavu, hakuna mtumbwi unaoingia majini mpaka aseme tena. Wanapumzika wote, ili asiwepo mjanja wa kuwatawanya samaki wenzake wakiwa wamelala. Anayevunja anawekwa nchi kavu zile siku za mwanzo za giza, ambazo ndizo dagaa wanajaa kuliko zote, na anawatazama wenzake wakivua. Tena vijana wake wa kazi walikuwa wameshakwenda kwao.

"Ukikosa hao dagaa inakuwaje?" aliuliza.

"Narudi nyumbani. Hakuna kurudia."

"Hawakupi hata nusu? Si umesema ziko mbili?"

"Hii haina nusu, mjomba."

Aliusokota ule uzi. Kisha akaingia ndani akatoka na taa ya karabai, akaitikisa kusikia kama ina mafuta. Aliniangalia mikono. "Wewe unayezungukaga migodini, kasia unalikumbuka?"

Tulisukuma mtumbwi jua likigusa maji. Mwenyekiti wa mwalo alitoka kwake, akasimama na mikono kifuani akatutazama mpaka tukapita mawe. Mjomba hakugeuka. Nilijua kwamba pale adhabu ilikuwa imeshatolewa.

Hatukwenda mbali. Mjomba alisimamisha mtumbwi, dada akapampu karabai hadi ikatoa ule mlio wake wa kuvuma, tukaishusha kwenye chelezo chake ikaelea. Kisha tukakaa. Kuvua dagaa ni kungoja. Siku za giza unaweza kungoja mpaka ukasinzia, lakini sisi hatukuwa na muda wa kusinzia. Upande wa mashariki, juu ya vilima, mbingu ilianza kufifia weusi.

"Tuvute?" dada alinong'ona.

"Bado."

"Mjomba, kule kumeanza kuwa kweupe."

"Naona. Nyamaza."

Nilichungulia majini. Chini ya taa kulikuwa na vumbi la fedha, kidogo, likizunguka na kutawanyika. Dada alikuwa ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona anaogopa namna ile, hata siku ya matokeo ya kidato cha sita. Nilitaka mjomba avute, na wakati huohuo nilitaka asivute, kwa sababu nilijua tukishavuta mara moja, basi, hatutapata mara ya pili.

"Sasa," alisema.

Tulivuta. Wavu ulipanda mwepesi, nikajua kabla ya kuona. Ulipofika juu dagaa walikuwa wamekusanyika kwenye pembe moja, wakimeta. Tulipomaliza kuwamimina kwenye karai, mwezi ulikuwa umetoa kichwa, na maji yote yakawa meupe. Hawakulijaza karai.

Alfajiri tulirudi Musoma, karai limefungwa kwa kitenge nyuma ya baiskeli. Walimu walifika jua limepanda. Mhandisi alikuwa mfupi, mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, anagusa kila nati kwa kidole. Wa sayansi alikuwa mzee mwenye sweta, na aliuliza kwanza kuhusu unywele. Alipoambiwa ni wa mama, aliinamisha kichwa kwa mama, "Asante kwa mchango," na mama akaitikia kama mtu aliyetoa mbuzi.

Mhandisi alifungua trei. Ya kwanza ilikuwa na dagaa. Nyingine tano zilikuwa tupu.

"Hii ni nini?"

"Ndio dagaa waliopatikana, Dokta."

"Umeandika kwamba mota hii inageuza trei sita zilizojaa. Mimi naona moja. Nitapimaje nguvu ya mota kwa trei tupu?" Alifunga mlango wa sanduku polepole. "Mwenzangu anaweza kuridhika na samaki wake wachache. Mimi sina cha kupima."

Jirani aliyekuwa akichungulia ukutani alishuka. Nilimtazama dada, nikaona anatazama chini, kwenye udongo wa uani.

"Dokta," alisema, "mota inajua kama imebeba dagaa?"

"Una maana gani?"

"Nikiipa uzito ule ule wa dagaa, itaona tofauti?"

Mhandisi alifikiri. "Haitaona. Endelea."

"Nitaweka mchanga kwenye hizo tano."

"Haya. Uweke mbichi, basi. Uwe mzito."

Yule mzee wa sayansi aliinua macho, akamtazama mwenzake. Mpaka leo sijui kama mhandisi alisema vile kwa kupitiwa au kwa kumtega.

"Si mbichi," dada alisema. "Maji ya mchanga yatapanda kama mvuke, unywele utayasoma, na mashine itadhani dagaa bado. Nitaweka mkavu. Nitaupima ulingane."

Mimi na baba ndio tuliochekecha mchanga na kuukausha kwenye bati. Ilikuwa mara ya kwanza tangu apunguzwe kazi kumwona baba akitoka jasho. Tulitandika magunia kwenye trei, tukamimina, dada akapima. Kisha akaunganisha betri.

Mota ililia. Mhimili ulisita, trei zikatikisika, na moja ikakwaruza ubavu wa sanduku kwa sauti iliyonipanda mpaka kwenye meno. Dada alinyoosha mkono, mhandisi akamzuia. "Usiguse. Iache." Ilikwaruza mzunguko mzima, ikapita, ikakwaruza tena, kisha ikazoea. Wingu lilitoka ziwani likafunika jua, na sote tukatazama juu kwa chuki. Likapita. Mama alileta chai, hakuna aliyeinywa isipokuwa yule mzee.

Mchana ulikuwa umesogea wakati swichi ilipolia tiki, sauti ndogo kama ya kuvunja kijiti. Feni ilizima. Mota ikazima. Kuku mmoja akapita katikati yetu.

Mzee alitoa dagaa wachache, akawapima kwenye mizani yake ndogo, akavunja mmoja, akamtafuna. "Kwa upande wangu imetosha," alisema.

Mhandisi alikuwa ameshika mota kwa kiganja kuona joto lake. "Kwa nini nililetewa trei moja?"

Nilidhani dada atatafuta sababu. "Nilipanga tarehe bila kuangalia mwezi," alisema.

"Na wewe ni mtu wa huku."

"Ndiyo, Dokta."

"Hilo nitaliandika." Alijifuta mkono kwa leso. "Ukiwa kazini, uliza wenyeji kabla hujapanga siku."

Mama alitugeukia, uso umeingiwa na hofu, kwa sababu alichosikia ni neno 'nitaliandika'. Yule mzee akamwendea. "Mama, amesema 'ukiwa kazini'. Aliyeanguka haambiwi hivyo."

Mama alishika nguzo ya mlango, akaketi pale pale kizingitini.

Dada alipanda basi siku ya pili yake. Mimi nilirudisha baiskeli, na siku chache baadaye nikaenda Kiriba, kwa sababu mwezi ulikuwa unaisha na nilijua nini kinamngoja mjomba. Mwenyekiti alitangaza nyavu zishuke majini, na jioni ile mitumbwi yote ikaingia majini isipokuwa mmoja. Tulikaa mchangani kando yake. Taa ziliwashwa moja baada ya nyingine huko mbele. Nimeishi sehemu nyingi tangu wakati huo, na nyingi zina taa zaidi ya zile, lakini sijapata mahali pengine ambapo nimekaa kuzihesabu.

"Wanapata," mjomba alisema. "Sikiliza wanavyoimba."

"Unajuta, mjomba?"

Alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa swali la haki.

"Najuta nilikupa kasia," alisema. "Ulipiga maji kama unafua blanketi. Ungetulia, tungejaza karai."