Kituo Kilichonibebesha Mama Mkwe

Neno lenyewe lilinitoka kwa bahati mbaya. Tulikuwa kwenye kikao cha idara ya ununuzi ya halmashauri, na mwenyekiti wa kamati ya zabuni, mama mmoja mhandisi asiye na mzaha, akaniuliza nina maoni gani kuhusu ujenzi wa kituo kipya cha mabasi. Sikuwa nimesoma faili. Asiyesoma faili ana njia mbili: kunyamaza, au kutamka neno refu. Nikasema tusisahau uendelevu, kisha nikakunja nne.

Mdomo uliponza kichwa. Mwenyekiti alifurahi, akasema kumbe na mimi huwa nawaza. Akaamua kwamba safari hii wakandarasi hawatapimwa kwa bei na mitambo tu. Kutakuwa na alama za uendelevu, na atakayeongoza kazi hiyo ni mimi.

Wenzangu wakanibandika jina la Bwana Kijani, nami nikalipenda, Mungu anisamehe. Nikaanza kutembea polepole koridoni kama mtu anayefikiria vizazi vijavyo. Nikawa nazima taa za ofisi za watu, wengine wakiwa bado ndani. Mke wangu, mwalimu wa hesabu, akanikumbusha kwamba majirani hufunga madirisha nikiwasha gari langu kwa jinsi linavyotoa moshi, na kwamba anayeacha bomba likimwagika huku akinyoa ndevu ni mheshimiwa huyohuyo. Nikamweleza kuwa mambo ya kitaalamu na mambo ya nyumbani ni vitu viwili.

"Haya, mtaalamu," akasema. "Kafunge bomba."

Zabuni zikaja, zikachujwa, zikabaki kampuni mbili zilizokabana koo. Ya kwanza ilileta kitabu kinene chenye jani kubwa la kijani kwenye jalada, na ndani picha za watoto wakicheka chini ya paa la vioo. Karatasi zake zilinukia vizuri. Nilizinusa, sifichi. Ya pili ilileta maelezo makavu kama kidonge kisicho na maji: kifusi cha kituo cha zamani kisagwe kitumike kwenye msingi, miti iliyopo isikatwe, maji ya mvua yapitie mitaroni na mengine yazame ardhini, paa liwe la kitu ambacho mafundi wa hapahapa wanaweza kukitengeneza. Picha hakuna hata moja. Nilisinzia kwenye ukurasa wa mitaro.

Moyoni nilikwishatoa hukumu: jani limeshinda. Kilichobaki ni kuandika.

Kabla ya kikao cha kutoa alama, mama mkwe wangu alikuwa na miadi ya macho katika mji wa jirani. Ni mwanamke mzito wa mwili na wa maneno. Husema mara chache, na akisema unajikagua kama shati umelivaa sawasawa. Nikajitolea kumpeleka kwa gari ili nipate sifa ukweni. Wakati wa kurudi gari likakohoa, likatoa moshi wa kuaga, likazimika mbele ya kituo cha mabasi cha mji ule. Nikamwambia mama tupande basi. Hapo nikaona bango: kituo kilijengwa na kampuni ya jani.

Furaha iliyonishika! Nikaanza kumwonyesha mama mkwe paa la vioo kana kwamba nimeliezeka mimi. Jua lilikuwa linapenya humo likituchoma utosini, na abiria wamejipanga mstari kwenye kivuli chembamba cha nguzo. Miti ya kwenye picha ilikuwepo, ila ya plastiki, imepauka. Mama mkwe aligusa jani moja, likamkatikia mkononi. Akaliweka juu ya benchi kwa adabu.

Kisha mvua ikamwagika. Uwanja wote ulikuwa zege tupu, na vitundu vya kupitishia maji vilikuwa vimezibwa na taka. Maji yakatufika vifundoni, yakaja magotini. Basi letu likasimama ng'ambo ya bwawa hilo, na dereva hataki kusogea. Mama alikuwa ametiwa dawa machoni, haoni vizuri anapokanyaga. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikakunja suruali mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo sikuwahi kuliota, nikachutama.

"Mama, panda mgongoni."

Alinishika mabega. "Usiniangushe, baba," akasema. "Nikivunjika, binti yangu utamwambia nini?"

Katikati ya maji kiatu changu kimoja kikanasa, nikakiacha huko. Abiria walipiga makofi, wengine wakatoa simu. Kutoka mgongoni mama mkwe akaniuliza kwa upole kama hiki ndicho kituo nilichokuwa nakisifia. Nikakiri, nikihema.

"Basi kwetu msikilete," akasema.

Nilipofika kazini, picha ilikuwa imenitangulia. Kwenye kikao nikasema, kwa sauti iliyobaki, kwamba hata mama mkwe amekikataa kituo kile, na kwamba tusitoe alama kwa kutazama vitabu. Twende tukaone kila kampuni ilijenga nini huko nyuma. Masharti ya zabuni yaliruhusu ukaguzi huo. Kipengele hicho nilikiandika mwenyewe, nikikinakili mahali bila kukielewa.

"Wewe umeshakwenda," mwenyekiti akasema. "Tumekuona."

Lakini ni mtu wa haki. Alisema maneno ya mama mkwe si ushahidi, na mimi nina kinyongo cha kiatu, kwa hiyo kamati nzima itakagua pande zote mbili na kila mmoja atoe alama peke yake. Tukaenda. Kwenye kituo cha jani tulikuta zege linavunjwa upya ili kutafuta pa kupitisha maji. Kituo cha kampuni ya pili kilikuwa hakina sura. Mvua ilinyesha asubuhi hiyo, na chini palikuwa na unyevu tu. Fundi wa mtaani alikuwa juu ya ngazi akibadilisha kipande cha paa. Nilisimama kando ya mtaro muda mrefu, nimefunga mikono nyuma, kama mtu ambaye hakuwahi kuusinzia.

Kampuni ya pili ikashinda. Ya jani ikakata rufaa, na wakili wao akaonyesha ile picha, akaniuliza kama alama zangu nilizitoa kwa akili au kwa mgongo. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzito. Yote ikayeyuka.

"Nilianza kwa mgongo," nikajibu. "Nikamalizia kwa macho."

Rufaa ilitupwa. Sababu ni kwamba hata alama zangu zikiondolewa, mshindi ni yuleyule. Yaani siku ya kutoa alama ningebaki nyumbani kunyoa ndevu, mambo yangekuwa vilevile.

Kituo kimejengwa, na maji hayasimami. Ofisini sasa naitwa Mbeba Mkwe. Miti haikukatwa, na ndege nao hawakuhama, jambo ambalo hakuna aliyeliwekea alama. Abiria wanaokaa chini ya miti wakalalamika kuhusu madoa meupe mabegani, na mwenyekiti akanituma nikatafute suluhisho. Benchi tumezisogeza. Ndege nao wamesogea.