Nilivyoifuta chaneli ya Kihispania kwenye jengo letu Stockholm, kisha nikaipigania irudi

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mwenye kosa ni mimi.

Kosa lenyewe: nilipoingia tu kamati ya jengo letu, niliifuta chaneli ya Kihispania kwenye kifurushi cha msingi cha TV bila kumuuliza hata mtu mmoja anayeitazama.

Niko Vårby gård, pembeni mwa Stockholm. Jengo letu lina kifurushi kimoja cha cable kwa nyumba zote, na chaneli zina kikomo. Ukitaka kuingiza moja, unatoa moja.

Mambo ya mitambo nimejifunza mwenyewe mtandaoni, sina cheti, kwa hiyo naogopa sana kuonekana sijui. Nikatengeneza fomu ya maoni online, nimeirekebisha hadi rangi za vitufe. Kwa Kiswidi kitupu.

Hakuna aliyeitaja chaneli ya Kihispania. Nikaitoa, nikaweka chaneli ya pili ya hoki. Kamati ikanisifu, nikajiona professor.

Wiki mbili baadaye nikamkuta Carmen kwenye chumba cha kufulia. Ni bibi wa Kichile, jirani wa ghorofa ya chini. Mumewe, Hernán, alipata kiharusi, na Kiswidi chote alichoongea miaka yote kikapotea. Kimebaki Kihispania tu.

"Asubuhi alikuwa anatazama habari, halafu ananisimulia," akaniambia. "Sasa anakaa mbele ya TV ananiuliza kwa nini watu wameacha kuongea."

Wakuu, ningeweza kunyamaza. Hakujua ni nani.

"Ni mimi niliyeifuta," nikasema.

Akanitazama. "Basi irudishe." Akaendelea kukunja mashuka.

Shida ni kwamba kamati ilishafunga orodha. Wa kuibadilisha ni mkutano mkuu wa wakazi peke yake. Nikaandika hoja: Kihispania kirudi, hoki ya pili itoke. Katiba ya jengo nikaisoma mpaka nikaikariri. Ndivyo nilivyo, nikiogopa nasoma.

Nikaanza kutafuta kura. Aunty Njeri, Mkenya wa ghorofa ya tatu, alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe ndio ulikata, wewe ndio unarudisha? Kijana, jipange!"

Mzee Bosco, Mrundi, hakucheka. "Wao walikuwa na chaneli. Siye wa Kiswahili hatujawahi kuwa na hata moja. Niwapiganie kwa nini?"

Nikamwambia kuna mgonjwa humu ndani asiyeelewa tena lugha nyingine. Akasema atafikiria. Mnajua mzee akisema atafikiria.

Siku ya mkutano ikafika. Mwenyekiti, mama wa Kiswidi anaitwa Birgitta, akataka wanaokubali waseme "ja".

Ja zikatoka kwa unyonge. Watu wetu hatuna mazoea ya kupaza sauti mbele ya meza ya mkutano.

Akauliza wanaokataa. Wazee wa hoki, safu ya mbele, wakanguruma "NEJ!"

Birgitta akasema kwa masikio yake nej imeshinda. Akainua nyundo.

Hapa ndipo kukariri kuliponisaidia. Mtu yeyote akitilia shaka sauti, anaweza kudai kura zihesabiwe, lakini lazima aseme kabla nyundo haijagonga meza. Ikishagonga, ni mpaka mwaka ujao.

Nikasimama. Nikapiga kelele: "Votering!"

Sauti ilikwaruza kama ya jogoo mgonjwa. Lakini nyundo ilisimama hewani.

Tukahesabiwa kwa mikono. Carmen akainua. Wachile wote wa jengo wakainua. Aunty Njeri akainua. Halafu nyuma kabisa Mzee Bosco akainua wake polepole, bila kunitazama.

Thelathini na moja kwa ishirini na sita. Tumeshinda!

Aunty Njeri akapiga kigelegele, Birgitta nusura aangushe miwani. Mzee Bosco akapita karibu yangu: "Mwaka kesho zamu ya Kiswahili. Na hoja utaandika wewe."

Nilichojifunza: fomu yangu ilikuwa safi, ila wenye shida hawakuweza kuijaza, na mimi nikauchukua ukimya wao kama jibu.

Wakuu, mnaonaje? Kifurushi cha msingi kiwe na lugha za watu wachache, au kila mtu ajitafutie? Nirekebisheni bila huruma.

Hernán sasa anatazama habari zake kila asubuhi. Na mimi, kabla ya kufuta chochote, nagonga milango kwanza.