Nilivyozuiwa Kugusa Kompyuta ya Mkunya

Programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali niliiweka mwenyewe, na kwa miaka miwili nilitamba nayo. Nilikuwa fundi wa kompyuta za vituo vya afya, ofisi yangu ikiwa Masasi, na nilichoka kupanda Newala kwa pikipiki kila printa ilipogoma. Sasa nilikaa kitini na chai yangu, nikisogeza kishale kwenye kompyuta iliyoko kule juu. Wauguzi wengi walinijua kwa sauti tu. Niliwahubiria sheria moja mpaka wakanichoka: mtu akija kusema ni fundi, asiguse kompyuta mpaka mnipigie mimi.

Asubuhi moja ikatangazwa kwamba programu ile ina tundu. Mtu aliye popote duniani angeweza kuiamuru kompyuta ifanye atakalo, hata kufuta kila kitu, bila kuulizwa neno la siri. Kumbe programu niliyoisifia ilikuwa inampokea kila mgeni bila kumuuliza ni nani! Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nikapigia kituo kimoja kimoja: chomoeni waya wa mtandao, nakuja. Wote walipokea isipokuwa Mkunya. Na Mkunya ndiko kulikonitia hofu, maana kumbukumbu za kliniki ya wajawazito zilikuwa kwenye kompyuta ile peke yake. Kutunza nakala nilikuwa nikikuahirisha kila wiki. Zikifutwa, nani angejua ni mama yupi alitoka damu nyingi uzazi uliopita? Nikaweka kiraka cha programu kwenye flashi, nikawasha pikipiki.

Nilimkuta muuguzi, mama mtu mzima aliyehamia pale kutoka Lupaso. Tulizungumza mara nyingi kwenye simu, lakini hatukuwahi kuonana. Alikuwa ametoka kuzalisha, ndiyo maana hakupokea. Nikamwamkia, nikasema mimi ni fundi, nikaelekea kwenye kompyuta.

"Simama hapo hapo, baba. Fundi yuko Masasi. Ngoja nimpigie."

Akapiga. Simu ikalia mfukoni mwangu. Nikaitoa nikimwonyesha, huku nacheka. Yeye hakucheka.

"Simu zinaibwa," akasema, "na sauti zinaigwa."

Nikapandwa na hasira. "Basi mama, chomoa wewe mwenyewe huo waya wa bluu!"

"Fundi alinikataza kuuchomoa."

Kweli, nilimkataza. Alisimama mbele ya meza, mikono kiunoni, akinipima kuanzia viatu vyenye vumbi hadi kichwani.

"Siku ya kwanza fundi aliponipigia, alisahau kitu. Kitu gani?"

Nikainamisha kichwa. "Sikukuamkia, mama. Nilianza tu, fungua kompyuta. Ukanikatia simu."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Uso ukalainika. "Haya, pita, mwanangu. Mbona mwembamba hivyo, na sauti yote ile?"

Nikachomoa waya, nikaweka kiraka, nikakagua. Kumbukumbu zote zilikuwepo, wala hakuna aliyekuwa ameingia. Kabla sijafanya kingine, nikazinakili zote kwenye flashi ya pili, nikamkabidhi aifungie kabatini. Hasira ilikuwa imeniisha, nimebaki na fahari tupu, na safari hii haikuwa fahari ya programu. Waliotengeneza ile programu ni watu waliosoma kweli kweli, na haikuwapitia akilini kuuliza alichouliza mama huyu akiwa bado na aproni ya chumba cha kujifungulia. Nimelisimulia jambo hili kwenye kila mafunzo niliyotoa tangu siku ile, na kila mara kifua kinanijaa.

Kompyuta ilipowaka tena, ikadai neno la siri. Nikapeleka vidole kwenye kibodi.

"Hilo ni langu," akasema. "Geuka."

Hilo nalo nilimfundisha mimi. Nikageukia ukutani, nikatazama bango la chanjo huku nikitabasamu peke yangu, nikamsikia akibonyeza herufi moja moja, bila haraka, mpaka alipomaliza.