Dirisha la Posta Lililoogopwa

Juma lililopita nilikuwa posta ya Kilosa, nimepanga foleni na watu kama ishirini mbele ya dirisha moja. Dirisha la pili lilikuwa wazi na karani ameketi, lakini hana mteja. Zamani lilikuwa la Wazungu peke yao. Kibao kilichosema hivyo kiliondolewa baada ya Uhuru, ila hakuna aliyethubutu kulisogelea.

Akaingia mama mmoja kutoka Kimamba, mji wa jirani, barua mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha lile.

"Shikamoo, mama," karani akasema, akitazama huku na huku. "Foleni ni ile pale."

"Marahaba. Na wewe hapo unafanya nini?"

"Nauza stempu."

"Basi niuzie, mwanangu."

Karani akacheka kwa aibu, akampa. Mama akailamba stempu, akaibandika, kisha akatugeukia.

"Na nyinyi mnamwogopa nani? Mwenyewe si ameshapanda meli?"

Tuliinamisha macho. Mimi, ninayewahubiria usawa kila wiki hapa gazetini, nilikuwa karibu na mkia. Nikajikaza, nikahamia dirisha lile. Nilipofika nikajikuta nimevua kofia, na karani mwenyewe ni kijana niliyemfundisha kusoma.